Sindano ya kupunguza mwili ukiwa na Crohn

Nina Crohn, ugonjwa sugu wa kuvimba utumbo. Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, ilinituliza utumbo, ila ilininenepesha hadi magoti yakaanza kuuma. Daktari wangu wa tumbo alinikubalia semaglutaidi, sindano ya kupunguza uzito, kwa sharti ambalo namwambia kila anayeniuliza: usianze utumbo ukiwa umewaka.

Dawa hizi huchelewesha chakula kutoka tumboni, tena huleta kichefuchefu, kuhara au kufunga choo. Sasa sisi wenye Crohn au kolaitisi (uvimbe wa utumbo mpana), dalili hizo si ndizo za ugonjwa ukiamka? Kwa hiyo kabla ya sindano ya kwanza, pima kalprotektini kwenye choo, protini inayoonyesha utumbo umewaka kiasi gani, na uhifadhi majibu. Ukiharisha baadaye, rudia kipimo. Kikiwa kimepanda sana, mshuku ugonjwa kwanza. Damu kwenye choo au homa usiisingizie sindano. Mwone daktari.

Kama utumbo wako umewahi kuwa na sehemu iliyosinyaa na kuwa nyembamba, mwambie daktari mapema, pengine ataomba picha ya CT au MRI kwanza. Na tumbo likijaa, ukatapika mfululizo, choo wala hewa havitoki, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Dozi ya kuanzia kwa kawaida ni miligramu 0.25 mara moja kwa wiki, kwa wiki 4, ndipo hupandishwa. Nilipozidiwa na kichefuchefu nilimwomba daktari asipandishe upesi, akakubali. Nakula kidogo kidogo, nikianza na yai, samaki au mtindi. Chapati za mafuta hunikaa tumboni hadi asubuhi. Ukiharisha, kunywa maji ya ORS, hasa kama unatumia mesalazini, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo, maana figo zinahitaji maji. Anayemeza azathiopirini, dawa ya kupunguza nguvu ya kinga ya mwili, ajue kuwa nayo pia, kama semaglutaidi, inaweza kuwasha kongosho: maumivu makali ya juu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni hayasubiri kesho. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, usiiguse.

Dawa zako za utumbo usiziache. Kabla ya kolonoskopi (kipimo cha kamera ndani ya utumbo mpana) au upasuaji, sema unajichoma sindano hii. Unayepanga mimba, semaglutaidi huachwa angalau miezi 2 kabla. Nunua famasi iliyosajiliwa tu; mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kuhusu Ozempic bandia, jina mojawapo la kibiashara la semaglutaidi.

Mwisho, jipime uzito kila wiki. Ukishuka kwa kasi huku umechoka na kupauka, omba wapime damu, madini ya chuma na vitamini B12.