Kambi ya kutwa Marekani wakati wa kiangazi: jinsi ya kumwandikisha mtoto mapema na bila kukwama

Shule nyingi za Marekani hufunga kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Juni, kutegemea jimbo, na watoto hukaa nyumbani wiki 10 au 11. Mzazi anayefanya kazi kiwandani, ghalani au hospitalini hana likizo ya namna hiyo. Ndiyo maana kambi za kutwa zipo: mtoto anapelekwa asubuhi, anacheza, anaogelea, anafanya kazi za mikono, jioni anarudi kulala kwao. Shida ni kwamba nafasi nzuri na za bei nafuu huisha wakati theluji bado iko nje. Anayeanza kuulizia mwezi wa Mei hukuta orodha ya kusubiri, au kambi zile tu ambazo wengine wameshindwa bei.

Kwa hiyo anza Januari. Kambi nyingi hufungua uandikishaji kati ya Januari na Machi. Sehemu za kuanzia ni idara ya Parks and Recreation (bustani na michezo) ya jiji lako, mashirika ya jamii yenye programu za watoto kama YMCA na Boys and Girls Clubs, maktaba ya mtaa, na shule anayosoma mtoto, kwa sababu wilaya nyingi za shule zina programu zao za kiangazi na baadhi ni za bure. Ukikosa pa kuanzia, piga 211, namba ya huduma za jamii, useme unatafuta kambi ya mtoto wa umri fulani. Omba mkalimani wa Kiswahili tangu mwanzo wa simu. Kambi za jiji huwa zinajaa haraka kuliko zote: nyingi hutangaza siku na saa ya kufungua, na huwapa wakazi wa jiji nafasi ya kwanza. Siku ya kufungua, uwe umeshafungua akaunti yako mtandaoni, umeshajaza majina ya watoto na umeshathibitisha anwani kwa bili ya umeme au mkataba wa nyumba. Watu wengi hukosa nafasi kwa sababu walianza kutengeneza akaunti saa ileile wengine walipokuwa wanalipa.

Hesabu kiangazi kizima

Ada hutangazwa kwa wiki, na hapo ndipo wazazi wanapokosea. Tuseme kambi inatoza dola 220 kwa wiki, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Wewe unaingia kazini saa 1 na kutoka saa 11 jioni. Utahitaji muda wa ziada wa asubuhi na wa jioni, ambao hulipiwa kando. Ukiwa dola 60 kwa wiki, wiki 10 ni dola 2,800 kwa mtoto mmoja. Ukiwa na wawili ni 5,600 kabla ya punguzo la ndugu, na punguzo hilo usipoliuliza huenda usilipate. Angalia pia kalenda. Kambi nyingi hufungwa tarehe 4 Julai, sikukuu ya Uhuru, nyingine na tarehe 19 Juni, sikukuu ya Juneteenth, na ada ya wiki hiyo si lazima ipungue. Halafu kuna pengo la mwisho: kambi huisha mapema Agosti ilhali shule inaweza kuchelewa kufungua kwa wiki moja au zaidi. Panga wiki hizo sasa, ukiwa bado na muda wa kuomba ruhusa kazini au kupatana na jirani.

Kushika nafasi kunadai arbuni, mara nyingi kwa kila wiki unayochagua, na kwa kawaida hairudishwi hata ukijitoa mapema. Usiandikishe wiki zote 10 kwa kubahatisha. Salio huwa na tarehe yake ya mwisho, na ikipita nafasi hupewa aliye kwenye orodha ya kusubiri.

Kuhusu msaada wa ada: usione haya kuomba. YMCA nyingi na kambi za majiji hupunguza ada kulingana na kipato, lakini fungu hilo ni dogo na anayewahi ndiye anayepata. Andaa karatasi za mshahara za mwezi mmoja au miwili, ritani ya kodi ya mwaka uliopita, na barua ya SNAP (msaada wa chakula) au Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) kama unapokea. Omba msaada kabla ya kulipa arbuni, kwa kuwa baadhi ya kambi huiondoa au kuipunguza kwa wenye kipato kidogo. Kama tayari jimbo linakulipia malezi ya mtoto, uliza kambi kama inapokea malipo hayo. Nyingi hazipokei, na afadhali kulijua hilo mapema.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Sheria za kambi hutofautiana kati ya jimbo na jimbo. Mengine hudai leseni na ukaguzi wa afya kila mwaka, mengine karibu hayadai chochote kwa kambi za kutwa. Kuna ithibati ya hiari ya American Camp Association, chama cha kambi cha Marekani, na viwango vyake ni kipimo kizuri hata kwa kambi isiyo mwanachama. Kwa kambi za kutwa, watoto wa miaka 4 na 5 wanatakiwa kuwa na mlezi mmoja kwa watoto 6. Miaka 6 hadi 8, mmoja kwa 8. Miaka 9 hadi 14, mmoja kwa 10. Uliza uwiano wa kundi la mtoto wako, si wa kambi nzima, maana jumla hiyo inaweza kuwahesabu hata wapishi na watu wa ofisi.

Uliza kama wafanyakazi wote wamechunguzwa rekodi za makosa ya jinai, wakiwemo vijana wa kujitolea. Uliza nani huwasindikiza wadogo chooni na wanapobadilisha nguo za kuogelea, na kama mtu mzima mmoja anaruhusiwa kukaa peke yake na mtoto. Kambi iliyojipanga hujibu maswali haya bila kusita. Ikianza kukwepa, tafuta nyingine hata kama ni karibu na nyumbani na bei yake ni nzuri.

Kuogelea nako kuna maswali yake. Mwokoaji wa bwawani awe na kazi hiyo moja tu, asiwe mlezi wa kundi kwa wakati huohuo. Kambi hupima watoto siku ya kwanza, kisha huwagawa, mara nyingi kwa kamba za rangi mkononi, wanaojua na wasiojua. Kwenye fomu andika ukweli: kama mtoto hajui kuogelea, andika hajui. Kucheza kwenye maji yanayofika kiunoni si kuogelea, na mtoto huweza kumwambia mlezi anajua ili tu asitengwe na wenzake. Uliza kama wana majaketi okozi ya saizi yake. Binti anayejistiri aruhusiwe kuvaa nguo ndefu ya kuogelea. Mabwawa mengi hukataa pamba lakini hukubali kitambaa cha kuogelea cha mikono mirefu na suruali, basi pata jibu kwa maandishi kabla ya siku yenyewe.

Fomu ya afya ndiyo inayokwamisha wengi

Kambi nyingi hutaka fomu iliyosainiwa na daktari pamoja na orodha ya chanjo. Uchunguzi huwa unatakiwa uwe wa karibuni, na muda wenyewe, miezi 12, 18 au 24, umeandikwa kwenye fomu. Usisubiri Juni: kliniki hujaa, na bila fomu mtoto hapokelewi siku ya kwanza hata kama umelipa ada yote. Omba miadi Machi au Aprili. Kama mtoto alichunguzwa mwaka huu ili aingie shule, daktari anaweza kujaza fomu bila miadi mpya. Nakala ya chanjo unaweza kuiomba kwa muuguzi wa shule, ila ufanye hivyo kabla shule haijafunga.

Dawa zina taratibu kali. Ziwe kwenye chupa au boksi lake lenye lebo ya famasia na jina la mtoto, pamoja na karatasi ya daktari inayoruhusu kambi kumpa. Dawa iliyofungwa kwenye kikaratasi au kuhamishiwa chupa nyingine itakataliwa. Mwombe mfamasia chupa ya pili yenye lebo, moja ibaki nyumbani. Pampu ya pumu na sindano ya epinefrini (ya mzio mkali) zifuate kundi la mtoto kila linapokwenda, zisifungiwe kwenye kabati la ofisi, kwa sababu uwanja wa mpira unaweza kuwa mbali na ofisi.

Mtoto mwenye selimundu anahitaji karatasi yake maalumu. Walezi wengi wa Marekani, hasa vijana, hawaujui ugonjwa huu. Andika kwa ufupi: anywe maji mara kwa mara bila kusubiri kiu, apumzike kivulini, asikae kwenye maji baridi na atolewe mara akianza kutetemeka, aruhusiwe kwenda chooni wakati wowote. Homa ya 101°F au zaidi ni dharura, akipata apelekwe hospitali mara moja. Maumivu makali ya kifua, shida ya kupumua au udhaifu wa ghafla upande mmoja wa mwili ni kupiga 911, namba ya dharura. Mpe karatasi hiyo muuguzi wa kambi na mlezi wa kundi, kila mmoja nakala yake, na uzungumze nao ana kwa ana.

Usimtume mtoto kutafsiri fomu ya afya. Atapitisha swali asilolielewa, na swali hilo linaweza kuwa la mzio.

Majina, umri na nani atamchukua

Orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto huandikwa kwa majina kama yalivyo kwenye kitambulisho. Ukiandika "Mama Neema" au jina la nyumbani, halafu mama huyo akaja na leseni ya udereva yenye jina jingine, hatapewa mtoto, na watakuwa wamefanya sawa. Andika watu watatu au wanne walio karibu na wenye simu zinazopokelewa mchana, waambie umewaandika, na wabebe kitambulisho chenye picha. Kwenye uhusiano andika kile ambacho Wamarekani wataelewa: baba mdogo aandikwe "uncle", maana ukiandika baba watauliza yule baba mwingine ni nani. Kama kuna amri ya mahakama inayomkataza mtu fulani kumchukua mtoto, peleka nakala. Maneno matupu hayawapi mamlaka ya kumzuia mzazi.

Familia nyingi zilizoingia kama wakimbizi zina watoto walioandikiwa 1 Januari kuwa tarehe ya kuzaliwa. Kambi hupanga makundi kwa umri wa kwenye karatasi, na mtoto anaweza kuangukia kundi la wadogo au la wakubwa kuliko rika lake. Iandike tarehe kama ilivyo kwenye hati zake, kisha omba apangwe kwa darasa analosoma. Kambi nyingi hukubali.

Kuna pia ruhusa za kusaini: matibabu ya dharura, safari za nje, kupakwa losheni ya jua, picha. Ya picha unaweza kuikataa na mtoto akabaki na nafasi yake. Ile inayosema hutaidai kambi akiumia huwa ni sharti, basi isome na uulize bima ya kambi inalipa nini.

Begi la kila siku

Andika jina kwa kalamu isiyofutika kwenye kila kitu, hadi viatu.

- Chupa ya maji ya lita moja, imejaa
- Viatu vilivyofunika vidole; ndala ni za bwawani tu
- Nguo ya kuogelea, taulo na mfuko wa nguo mbichi
- Nguo ya kubadilisha na koti jepesi la mvua
- Losheni ya jua, SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, umpake kabla hajatoka. Ngozi nyeusi nayo huungua
- Kofia pana ya kuogelea kama amesukwa, na nywele zisuuzwe maji safi baadaye

Chakula kinahitaji akili kidogo, kwa kuwa kambi nyingi hazina friji wala maikrowevu ya watoto. Wali na maharage vitakaa na moto hadi mchana ukitumia thamosi ya chakula yenye mdomo mpana: mimina maji yanayochemka ndani, funika dakika 10, yamwage, kisha jaza chakula kikiwa cha moto sana na ufunge papo hapo. Ukiweka chakula vuguvugu kwenye thamosi baridi, kitaharibika. Chapati iliyokunjwa na yai iwekwe na kipakiti cha barafu. Na karanga: kambi nyingi zimezipiga marufuku kabisa kwa ajili ya watoto wenye mzio. Sombe au mchicha uliotiwa karanga nao umo kwenye marufuku hayo, hata kama karanga hazionekani. Kama kambi inatoa chakula, andika wazi kwamba mtoto hali nguruwe, na utaje soseji, pepperoni na peremende za gelatini kwa majina, maana mlezi hazifikirii kuwa nyama.

Wiki ya kwanza fika dakika 15 mapema, foleni ya magari huwa ndefu. Jioni usichelewe: kambi nyingi hutoza kwa dakika, na dola moja kwa dakika si ajabu. Ukiona umekwama kazini, piga simu kabla ya muda kwisha na umtume mmoja wa walio kwenye orodha. Nyumbani, mvue mtoto na umkague kupe nyuma ya masikio, kwapani, kiunoni na nyuma ya magoti, hasa kama kambi iko msituni.

Tunza risiti zote. Kama unafanya kazi, na mwenzi wako pia kama mmeoana, na mtoto ana chini ya miaka 13, ada ya kambi ya kutwa inaweza kukupunguzia kodi kupitia Form 2441, fomu inayoambatana na ritani ya kodi, kwa gharama zisizozidi dola 3,000 kwa mtoto mmoja au 6,000 kwa wawili na zaidi. Kambi ya kulala haihesabiwi, wala masomo ya kiangazi. Utahitaji namba ya kodi ya kambi, basi iombe siku unayolipa, kwa sababu Februari ofisi nyingi za kambi hazina mtu wa kupokea simu.