Jibini mezani, nyama hakuna: ninavyoandaa jioni ya rakleti

Shemeji yangu alifunua hotpoti ya kwanza, akakuta viazi vya kuchemsha na maganda yake. Akaifunika. Akafunua ya pili: viazi. "Shemeji," akaniuliza kwa upole wa mgeni asiyetaka kuudhi, "mboga iko wapi?" Nikamwonyesha sinia la jibini. Akakaa kitini kama mtu aliyeambiwa basi limeshaondoka. Hiyo ilikuwa saa moja na nusu usiku. Ilipofika saa nne alikuwa ameshakula vipande tisa na anavizia kikaango cha binti yangu.

Mimi ni mtu wa Tanga, niko Biel hapa Uswisi mwaka wa 11 sasa, na kila Januari naita watu nyumbani kula rakleti isiyo na nyama hata chembe. Nimeulizwa mara nyingi naifanyaje, kwa hiyo naandika mara moja yaishe.

Kwa asiyejua: rakleti ni chakula cha Valais, jimbo la milimani kusini mwa Uswisi, na jina lake linatokana na neno la Kifaransa la kukwangua. Kwa asili, nusu ya gurudumu la jibini husogezwa kwenye moto, uso wake ukishayeyuka hukwanguliwa ukamwagikia kwenye kiazi. Gurudumu zima lina kilo 5 hivi, kwa hiyo majumbani watu hutumia jiko dogo la umeme la kuweka katikati ya meza. Koili iko juu, chini yake kuna nafasi za kuingiza vikaango vidogo bapa, kila mgeni na chake. Usikimbilie kununua jiko jipya. Huku karibu kila nyumba ina moja limelala stoo, waulize majirani. Langu ni la mitumba, faranga 15, na kikaango kimoja kilikuwa hakipo.

Sasa suala la nyama. Wageni wengi wamezoea kuona bekoni inachuruzika juu ya jiko, wanadhani ndiyo rakleti yenyewe. Siyo. Valais wenyewe rakleti huja na viazi, matango madogo ya siki na vitunguu vidogo vya siki, basi. Nyama yao ya kukausha huliwa kabla, kwenye sahani yake. Kwa hiyo ukiiondoa nyama hujaharibu chakula cha mtu. Ila ujiulize ilikuwa inafanya kazi gani pale mezani, maana kazi hiyo lazima ipate mtu mwingine wa kuifanya. Mimi naona ni tatu: chumvi, moshi na kitu cha kutafuna. Chumvi jibini inayo tele. Moshi naupata kwa biringanya: naichoma nzima juu ya moto wa gesi mpaka ganda liwe jeusi na ndani ilegee, naimenya, naiponda na kitunguu saumu na ndimu. Kijiko kimoja chake juu ya kiazi, halafu jibini juu yake, hata mla nyama hunyamaza.

Cha kutafuna ni uyoga, na hapa nisikilize vizuri kwa sababu nilishaumbuka. Mwaka wa kwanza niliukatakata nikauweka mbichi mezani, kila mtu ajitilie kwenye kikaango. Uyoga ulipopata moto ulitoa maji yote uliyokuwa nayo, jibini ikaelea juu kama mafuta kwenye mchuzi, wageni wakawa wanakula supu kwa uma. Siku hizi naukaanga mapema kwenye kikaango kikavu, bila mafuta, moto mkali. Utalia, utatoa maji, utasinyaa. Ukishaacha kulia ndipo natia mafuta kidogo, kitunguu saumu na pilipili manga, nauacha upate rangi. Mtindo ndio huohuo kwa boga, pilipili hoho na brokoli: kila kitu kinaingia mezani kimeshaiva na kimeshakauka. Koili ile kazi yake ni kuyeyusha jibini tu, haiwezi kukupikia mboga. Nyanya za Januari siziweki kabisa, ni maji yenye rangi.

Ndizi mzuzu mbivu nazikata vipande vinene nakaanga. Hizi nazipata kwa Watamil, wale wenye asili ya Sri Lanka ambao maduka yao yamejaa katika miji ya huku. Ukifika hapo utakuta na mihogo, maembe mabichi na pilipili za kweli. Utamu wa ndizi na chumvi ya jibini vinapatana kuliko nilivyotarajia. Mihogo nilijaribu mara moja, ikawa mizito mno juu ya uzito mwingine.

Halafu kuna kitu ambacho bila hicho watu watashiba kipande cha tatu na kuanza kutazama saa: uchachu. Jibini iliyoyeyuka ni mafuta na chumvi, mdomo unachoka. Yale matango na vitunguu vya siki yako pale kwa sababu hiyo. Sisi watu wa pwani tuna silaha kubwa zaidi, achari ya embe. Nakata embe bichi vipande vyembamba na ganda lake, natia chumvi, kesho yake naanika. Jua la Januari hapa halikaushi hata kitambaa cha sahani, kwa hiyo naanika juu ya redieta, kwenye sinia lililotandikwa kitambaa safi, siku mbili hivi. Kisha pilipili ya unga, bizari, kitunguu saumu na siki. Wenyeji huanza kwa ncha ya kisu. Pembeni naweka vitunguu vyekundu vilivyofikichwa chumvi vikasuuzwa na kukamuliwa ndimu, vile vya kachumbari.

Kuhusu jibini yenyewe. Hesabu gramu 200 kwa mtu, 250 kama kuna vijana. Mtu mmoja hupata vipande saba hivi vya gramu 30. Viazi gramu 300. Kwa watu wanane nanunua kilo moja na nusu mpaka mbili za jibini ya rakleti, nusu ya kawaida, nusu yenye pilipili manga au kitunguu saumu ndani. Ukikata mwenyewe, unene uwe wa nusu sentimita, na uitoe kwenye friji nusu saa kabla. Kama huna jibini ya rakleti, tafuta jibini changa yenye mafuta, isiyo ngumu. Iliyozeeka sana hutoa mafuta upande mmoja na kubaki kigaga upande mwingine. Jibini za panir na halumi usizijaribu, haziyeyuki hata uzikalishe hapo mpaka asubuhi.

Sasa jambo linalonifanya niandike "bila nyama" kwa uangalifu. Mwenzangu kazini, tunafanya naye kwenye nyumba ya wazee, ni Mgujarati aliyezaliwa Nairobi. Hali nyama, samaki wala mayai. Nilipomwalika mara ya kwanza aliuliza swali moja tu: "Dada, hiyo jibini imegandishwa na nini?" Sikuwa na jibu. Maziwa ya jibini hugandishwa kwa rineti, na rineti ya jadi hutoka kwenye tumbo la ndama anayenyonya. Jibini ya Gruyère, kwa mfano, kanuni zake zinadai hiyo ya ndama. Kwa asiyekula nyama kwa imani, hilo si dogo, na baadhi ya Waislamu nao huuliza ndama alichinjwaje. Dawa yake ni kusoma karatasi. Kwa Kijerumani tafuta neno Lab, kwa Kifaransa présure. Likifuatana na neno la vijidudu, mikrobiell au microbienne, hakuna ndama humo. Au tafuta alama ya V yenye jani. Zipo jibini nyingi za rakleti za namna hiyo, tena mara nyingi za bei nafuu. Mimi sasa nanunua hizo tu kwa meza nzima, nisije nikaanza kugawa vikaango vya huyu na vya yule.

Hii ndiyo sababu pia nachagua rakleti badala ya fondyu, ile sufuria ya jibini iliyoyeyushwa ambayo watu huchovya vipande vya mkate. Fondyu ya kawaida hupikwa na divai nyeupe, na wengi wanaokuja kwangu hawaigusi. (Iko fondyu ya Fribourg ya jibini ya Vacherin peke yake, hiyo hupikwa kwa maji. Tamu, lakini inataka moto mdogo sana na subira ambayo sina.)

Viazi: huku pakiti zina rangi. Chukua ya kijani, ndiyo ya viazi visivyovurugika. Ya buluu ni ya kuponda. Chagua vidogo, vioshe, chemsha na maganda kwenye maji ya chumvi dakika 20 hadi 25, kisu kipite bila kubishana. Mwaga maji, virudishe sufuriani dakika mbili vikauke, kisha ndani ya hotpoti iliyotandikwa kitambaa. Wenyeji wana vikapu maalumu vya kitambaa vya kuhifadhia viazi vya moto. Hotpoti ya chapati inavishinda, vitakuwa vya moto saa mbili baadaye.

Umeme. Jiko la watu wanane hula wati 1300 hivi. Soketi ya kawaida ya hapa ni ya ampea 10, yaani wati 2300. Birika la umeme ni wati 2000. Jumlisha mwenyewe. Mimi sikujumlisha, nikachomeka birika kwenye ekstensheni ileile, tukaingia gizani watu wanane na jibini nusu imeyeyuka. Chai ipikiwe jikoni. Waya upite upande wa ukutani pasipopita watoto, na watoto waambiwe mapema kwamba juu ya jiko panaunguza kama chini.

Washa jiko dakika kumi kabla ya wageni kukaa. Halafu kaa na wewe. Mwenyeji anayesimamasimama anawafanya wageni waone haya kula. Kila mtu anaweka kipande kimoja kwenye kikaango, kimoja tu, akipenda na uyoga chini yake, anasukuma ndani na kungoja dakika nne au tano. Wakati huo anaponda kiazi chake sahanini. Jibini ikianza kutoa mapovu imeshaiva kwa wenye haraka. Mimi nangoja mpaka kingo zipate rangi ya hudhurungi na kushika kikaango, kwa sababu pale pembeni unatokea ukoko. Ndiyo, ukoko, na unagombewa kama ule wa wali wa nazi. Wanaokula gurudumu zima huko Valais nao wana jina la ule ukingo mkavu, wanauita mtawa wa kike. Sijui ni kwa uadimu au kwa ukali. Unakwanguliwa kwa mwiko mdogo wa mbao. Kijiko cha chuma kitachuna kikaango na mwakani kila kitu kitaganda.

Kati ya kipande na kipande ndipo maongezi yanapokaa. Usiwaharakishe kwa kuyeyusha vipande vingi upande wa akiba, jibini ikipoa inakuwa mpira.

Kinywaji ni chai ya rangi yenye tangawizi, ya moto. Wazee wa huku watakuambia maji baridi juu ya jibini yatakugandia tumboni, kwa hiyo ama divai ama chai. Mwaka 2010 watafiti wa Zürich walichapisha jaribio la kulisha watu 20 fondyu, wengine wakashushia divai, wengine chai nyeusi. Tumbo la wanywa divai lilichelewa zaidi kumaliza kazi. Nilifurahi kama nimefanya utafiti mimi.

Harufu nisikufiche, ni ya soksi. Makoti ya wageni yote chumbani, mlango ufungwe. Wakiondoka fungua madirisha ya pande mbili dakika kumi, hata kama nje ni theluji. Majirani wangu hawajalalamika, nao Januari nzima nyumba zao zinanuka vivyo hivyo.

Kama uko Dar au Nairobi na huna jiko hili, chukua kikaango kidogo kisichogandisha, jibini changa ya gauda ile ya Kenya, moto mdogo, na mfuniko. Weka kipande, funika dakika mbili, mimina juu ya kiazi. Wageni watakula kwa zamu, kama chapati zinavyotoka jikoni moja moja, na hakuna aliyewahi kununa kwa hilo. Embe lako utalianika juani, bahati yako.

Vikaango vikwangue vikiwa bado vuguvugu, kisha viloweke usiku kucha. Steelwool isivisogelee. Jibini iliyobaki inakatwa vipande na kuingia kwenye makaroni ya watoto. Viazi vilivyolala navimenya asubuhi, navikwaruza kwa kikwaruzio kikubwa, nakaanga kwa siagi mpaka chini paive rangi, nageuza kwa sahani. Ndiyo röshti ya Waswisi, na haitoki vizuri kwa viazi vilivyochemshwa siku hiyohiyo.

Shemeji alikuwa amelala sebuleni kwa sababu treni ya Geneva ilishampita. Aliamka kwa harufu ya siagi, akaja jikoni na shuka begani, akafunua hotpoti kuangalia kama vimebaki viazi.