Kabla Hujamwambia Mfanyakazi wa Kinu cha Nyuklia Dozi Yake

Karatasi ya dozi huwa na safu chache tu: jina, namba ya beji ya kupimia mionzi, kipindi cha kazi, na tarakimu mbili tatu zilizoandikwa kwa milisivati, kizio cha dozi ya mionzi mwilini. Ukimpa mtu karatasi hiyo mlangoni wakati zamu zinapishana, utakuwa umetimiza utaratibu lakini hujamwarifu chochote. Atasoma 4.2, ataikunja, ataitia mfukoni, na usiku atabaki anajiuliza kama hiyo ni nyingi. Mwili uliopokea mionzi hiyo ni wake, kwa hiyo maelezo ni haki yake. Nawe unayetakiwa kumweleza, mengi ya kazi yako ni ya kabla hujamwita.

Anza kwa kuhakikisha kwamba namba hiyo ni yake kweli. Beji husahaulika kwenye koti lililoachwa eneo lenye mionzi, hubadilishwa kimakosa, na nyingine hupitishwa kwenye mashine za eksirei safarini. Kwenye vinu vingi mfanyakazi huvaa vipimo viwili: beji inayosomwa maabara kila mwezi au kila miezi mitatu, na kipimo cha kielektroniki kinachoonyesha dozi papo hapo na kulia inapopanda. Viwili hivyo vikitofautiana sana, tafuta sababu kwanza, kisha ndipo umwite. Kwenye kinu cha Fukushima, Japani, mwezi Machi 2011, tsunami iliharibu vipimo vingi, na kwa muda kikundi kizima cha wafanyakazi kilikuwa kikitumia kipimo kimoja. Dozi ya mmoja ikahesabiwa kuwa ya wote. Namba ya kukadiria inakubalika kukiwa hakuna njia nyingine, ila mwenyewe aambiwe kuwa imekadiriwa, na imekadiriwa vipi.

Kisha jiulize beji haikuona nini. Beji hupima mionzi inayomfikia mtu kutoka nje. Vumbi lenye mionzi alilolivuta au kulimeza halimo kwenye hesabu yake. Hapo Fukushima wafanyakazi sita walivuka milisivati 250, kikomo cha dharura cha wakati ule, na aliyepata nyingi zaidi alizidi 600. Sehemu kubwa ya dozi zao ilitokana na iodini waliyoivuta, na ilijulikana baadaye, vipimo vya mwili vilipofanyika. Kwa hiyo, kama alifanya kazi palipokuwa na uchafuzi wa mionzi hewani, subiri majibu ya mashine ya kupima mwili mzima. Kama kulikuwa na tritiamu (haidrojeni yenye mionzi) au vitu vinavyotoa mionzi ya alfa, ile isiyopenya hata ngozi, subiri majibu ya mkojo. Ukilazimika kuzungumza kabla hayajafika, mwambie wazi kuwa hesabu yake bado haijakamilika, na mpe tarehe ya kukamilika.

Sifuri nayo ina maelezo yake. Ikiandikwa kwenye karatasi, kwa kawaida maana yake ni kwamba dozi ilikuwa chini ya kiwango ambacho beji inaweza kusoma. Usimwambie "hukupata kitu". Siku beji ikisoma 0.3 kwa kazi ileile, ataona alidanganywa zamani.

Soma mwenyewe kila safu hadi uweze kuieleza bila kusitasita. Dozi ya mwili mzima, ya lenzi ya jicho na ya ngozi zina vikomo tofauti. Nchi nyingi zinafuata pendekezo la tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi, ICRP: wastani wa milisivati 20 kwa mwaka ndani ya miaka mitano, pasipo mwaka wowote kuvuka 50, ngozi na mikono, 500. Kikomo cha jicho kilikuwa 150, lakini mwaka 2011 tume ikapendekeza kishuke hadi wastani wa 20, baada ya kuonekana kuwa mtoto wa jicho huweza kutokea kwa dozi ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Marekani bado inatumia 50 kwa mwaka kwa mwili mzima na 150 kwa jicho. Mtumishi aliyewahi kufanya kazi nchi mbili atauliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini mwili wake umebadilishiwa kikomo alipovuka mpaka.

Andaa pia namna ya kueleza ukubwa. Kusema "uko chini ya kikomo" na kunyamaza hakutoshi, kwa sababu kikomo hakitenganishi usalama na hatari. Wengi hupenda kulinganisha na mionzi ya asili, ambayo kwa wastani wa dunia hukadiriwa kuwa kama milisivati 2 hadi 3 kwa mwaka. Ni mlinganisho wa haki ukisema kwamba ya kazini inaongezeka juu ya hiyo. Mimi naona mlinganisho unaomfaa zaidi ni ule wa kazi yake mwenyewe: alipata kiasi gani mwaka jana, na wenzake wanaofanya kazi hiyohiyo wanapata kiasi gani. Kama yeye ana 6 na wao wana 2, hapo kuna jambo la kutafuta pamoja naye: muda, umbali, au kinga iliyowekwa vibaya.

Kuhusu saratani, usimwache aulize mara tatu. Kwa makadirio yanayotumika katika kinga ya mionzi, mtu mzima aliyepata jumla ya milisivati 100 anaongezewa uwezekano wa kufa kwa saratani wa takriban nusu ya asilimia moja, juu ya ule mkubwa ambao kila binadamu anao. Utafiti uliofuatilia wafanyakazi zaidi ya 300,000 wa nyuklia wa Marekani, Ufaransa na Uingereza, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2023, ulionyesha kuwa vifo vya saratani huongezeka kadiri dozi ya jumla inavyoongezeka, hata kwenye dozi ndogo. Jambo hilo linasemeka kwa upole bila kufichwa. Mwenye umri mdogo atataka kujua kama atazaa. Mwambie kwamba mbegu za kiume huanza kupungua, kwa muda, kwenye dozi ya mkupuo ya karibu 100 kwenye korodani, na kwamba kwa watoto waliozaliwa na manusura wa mabomu ya Hiroshima na Nagasaki hayajathibitika madhara ya kurithi.

Lakini swali zito kuliko yote mara nyingi halitamkwi: je, namba hii itaninyima kazi? Mwaka 2011, pale pale Fukushima, vibarua wa mkandarasi mmoja walitakiwa kufunika vipimo vyao kwa vibati vya madini ya risasi ili visome kidogo wasifikie kikomo upesi. Anayelipwa kwa siku akijua kuwa dozi ikipanda anarudishwa nyumbani bila malipo, ataificha beji, na hakuna semina itakayomzuia. Kwa hiyo kabla ya mazungumzo, kaa na uongozi mpate jibu la maandishi: kwenye kiwango gani atahamishwa, atahamishiwa wapi, na mshahara wake utabaki vilevile? Bila jibu hilo, maelezo mengine yote hayatasikika.

Wanawake waelezwe siku ya kuajiriwa, kabla hapajawa na mimba, kwamba wakitoa taarifa mapema kazi itapangwa upya ili mtoto tumboni asizidi milisivati 1 kwa muda uliobaki. Anayenyonyesha alindwe na kazi za kuvuta au kumeza uchafuzi.

Dozi isibandikwe ubaoni pamoja na jina. Zungumzeni faragha, kwa lugha anayoota nayo, naye apewe nakala yenye jumla ya miaka yote, zikiwemo dozi alizopata kwa waajiri wengine. Viwango vya kimataifa vinataka kumbukumbu hizo zitunzwe hadi afikie, au angefikia, umri wa miaka 75, na zisipungue miaka 30 tangu aache kazi. Mwonyeshe zinapotunzwa na nani wa kumwomba, maana huenda atakapozihitaji wewe umekwisha kustaafu.