Chagua njia yako ya uzazi wa mpango kwa simu yako kabla hujafika kwa nesi

Wadada, na wababa pia karibuni maana hili ni lenu wote. Mi ni nesi wa uzazi wa mpango, na kuna sentensi naisikia sana kliniki inaniumiza: "nesi nipe tu kama aliyopewa jirani yangu." Mwili wa jirani siyo wako mama, na siku hizi taarifa zipo bure mtandaoni za kukusaidia uje ukiwa unajua unachotaka. Fanya hivi.

Hatua ya 1: Anzia mahali panapoaminika
Usianzie kwenye grupu la WhatsApp. Fungua medlineplus.gov, hii ni ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ipo toka 1998, haina matangazo na ina sehemu ya lugha mbalimbali, Kiswahili kimo. Nyingine ni nhs.uk ya Uingereza na who.int ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Ukikuta ukurasa ni wa Kiingereza na unatumia Chrome, bonyeza vile vidoti vitatu uchague kutafsiri, ila majina ya dawa na namba zisome kwenye ukurasa wenyewe kabla ya tafsiri. Ukurasa ukianza kukuuzia dawa ya kusafisha kizazi, funga hapo hapo.

Hatua ya 2: Tafuta namba mbili za kila njia
Hapa ndo watu wengi wanaparuka na kiukweli ndo penye uamuzi wenyewe. WHO wana jedwali linaloonesha wanawake wangapi kati ya 100 watapata mimba ndani ya mwaka, kwa matumizi sahihi kabisa na kwa matumizi ya kawaida ya watu tulivyo. Vidonge ukimeza bila kukosa ni 0.3, yaani hata mmoja hafiki, ila kwa maisha ya kawaida ni 7. Kondomu ya kiume inatoka 2 inaenda 13, sindano inatoka 0.2 inaenda 4. Kijiti ni 0.1 pande zote mbili, kwa sababu kikishawekwa mkononi hakikutegemei wewe ukumbuke chochote. Sasa jiulize, unafanya kazi za shifti, unasafiri, vidonge utavificha wapi kama nyumbani hawajui? Jibu la hayo unalo wewe, mimi sinalo.

Hatua ya 3: Andika hali yako ya afya
WHO wamepanga kila njia kwa madaraja 1 hadi 4 kulingana na hali ya mtu, 1 ni tumia bila wasiwasi na 4 ni usitumie kabisa. Vidonge vyenye homoni mbili vinakuwa daraja la 4 kama presha yako imefika 160/100, au una kipandauso kinachoanza na kuona vimulimuli, au unanyonyesha mtoto hajafikisha wiki 6. Ukiwa kwenye dawa za TB zenye rifampicin, nguvu ya kijiti inapungua. Haya yote yaseme hata kama hujaulizwa, foleni ikiwa ndefu nesi anaweza kupitiwa. Na ukiona hali yako imetajwa usijikatie tamaa, siyo njia zote zimezuiwa, zipo nyingine.

Hatua ya 4: Soma madhara, na lini utazaa tena
Sindano ya Depo inaweza kuchelewesha mimba hadi mwaka baada ya kuacha, kwa hiyo kama unataka mtoto mwakani fikiria mara mbili. Kijiti na kitanzi (kile kinachowekwa ndani ya kizazi) vikitolewa uwezo wa kushika mimba unarudi haraka. Kitanzi cha shaba hakina homoni ila hedhi inaweza kuwa nzito. Hedhi ikikata ukiwa kwenye Depo, hakuna damu inayojikusanya tumboni, ukuta wa kizazi unakuwa mwembamba tu basi hakuna cha kutoka.

Hatua ya 5: Njoo na maswali kwenye simu
Andika njia mbili ulizozipenda na sababu, halafu uliza: kwa hali yangu hii inanifaa? dalili gani nikiziona nirudi haraka? nisipoipenda nitatolewa wapi, na ni bei gani? Hilo la mwisho lipate jibu KABLA hujawekewa kijiti au kitanzi, maana una haki ya kutolewa siku yoyote ukitaka, siyo lazima muda wake uishe. Na ukiambiwa uliyochagua imeisha stoo, usikubali nyingine kwa kuwa ndo iliyopo, uliza inapatikana kituo gani, chukua kondomu za kukusogeza, uende huko.