Kimbunga kikija, tazama paa kwanza

Mimi ni fundi wa kupaua, Kilwa Masoko. Nyumba ya mtu siangalii rangi wala vigae. Nainua shingo nione kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zimefungwaje. Ndiyo maana Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipotangazwa na mama mkwe akataka twende tukajihifadhi kwa jirani mwenye nyumba ya kupendeza, nilisita. Paa lile niliezeka mwenyewe, na mwenye nyumba aliniambia habari za nondo ni gharama, nipige misumari tu. Sasa mkwe humkatalii hivihivi. Ikabidi nimpeleke barazani kwa jirani nimwoneshe kwa kidole.

Nawe fanya hivyo, mchana, upepo haujaanza. Simama chini ya upenu utazame pale mbao inapokalia ukuta. Unatafuta nondo nyembamba au waya mnene uliotoka ndani ya lenta, ule mkanda wa zege juu ya ukuta, ukazungushwa kwenye mbao na kusokotwa ukakaza. Msumari unazuia kenchi isiteleze, lakini kimbunga kazi yake ni kunyanyua. Bati lililotokeza sana nje ya ukuta ndilo upepo unaloanza kulishika. Paa linaloshuka pande zote nne ni afadhali kuliko la pande mbili. Chumba chenye zege juu, hata kiwe stoo, kinayashinda yote. Makuti ni mazuri kwa joto. Usiku huo yahame.

Halafu ardhi. Nyumba imara iliyo bondeni au jirani na mikoko haifai, maana upepo huisukuma bahari ikapanda kuliko maji makuu ya kawaida. Mvua nazo si za mchezo: siku zile zile barabara ya Lindi ilikatika Somanga. Minazi ihesabu pia. Kama mnazi ukianguka unafika ukutani, tafuta kwingine.

Tulilala watu kumi na mmoja kwenye stoo ya zege ya muuza saruji. Kama huna stoo, kaa koridoni au chumba cha kati, mbali na vioo. Dirisha linalotazama upepo lifungwe barabara. Upepo ukishaingia ndani unalisukuma paa kutoka chini. Zima meni swichi. Beba maji, tochi, redio, dawa za wazee, na viatu vya kufunika, si kandambili: kukipambazuka uwanja wote huwa misumari.

Upepo ukikatika ghafla usitoke kuangalia mashua. Huenda ni jicho la kimbunga linapita. Baada ya muda upepo hurudi kwa upande wa pili, ukute kenchi zimeshalegea. Subiri Mamlaka ya Hali ya Hewa itangaze kwamba kimekwisha.

Hidaya ilipungua nguvu ilipofika Mafia. Paa la jirani halikutoka hata bati moja, na mama mkwe, aliyekohoa saruji usiku kucha, hajaacha kunikumbusha.