Farasi Akivimba Mguu: Anza na Mkono, Maji Baadaye

Vijana wengi wa usaisi, yaani kazi ya kutunza farasi, wakiona mguu umevimba hukimbilia mpira wa maji. Mimi huwazuia. Maji baridi hupoza mguu, na lile joto unaloliondoa ndilo lingekuambia kumetokea nini. Mshike farasi asubuhi, miguu ikiwa mikavu, kabla hajatolewa bandani.

Simama ubavuni kwake ukitazama mkiani. Teremsha mgongo wa mkono wako kutoka gotini, pitia kano za nyuma, mpaka kwenye kifundo, kile kiungo kilicho juu ya ukwato. Kisha fanya vivyo hivyo mguu wa pili, maana usipoulinganisha na mwenzake hujajua kitu. Bonyeza uvimbe kwa kidole gumba, hesabu mpaka tano, achia. Kikibaki kishimo, hayo ni maji yaliyotuama chini ya ngozi. Lakini ukibonyeza upande mmoja wa kiungo halafu upande wa pili ukatokeza, ute umejaa ndani ya kiungo chenyewe. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Mwisho, mwenzako amwongoze akitembea kwenye ardhi ngumu. Mguu wa mbele ukiuma, farasi huinua kichwa kila anapoukanyagia, na kukishusha anapokanyaga ule mzima. Wa nyuma ukiuma, tazama nyonga inavyopanda na kushuka.

Ikiwa ni miguu yote miwili ya nyuma, baridi, haina maumivu na inaacha kishimo, basi farasi amesimama bandani muda mrefu, pengine huku akilishwa nafaka kama anayefanya kazi. Mtembeze dakika ishirini, uvimbe utapungua. Punguza nafaka, mwache atoke uwanjani. Na vile vivimbe laini pande zote za kifundo, ambavyo karibu kila farasi mzee wa mbio au wa polo anavyo, vikiwa baridi na hachechemei, viache. Asije mtu akavitoboa! Sindano chafu ndani ya kiungo ni balaa kuliko uvimbe wenyewe.

Mguu mmoja ukiwa na joto, ukiuma, na hakuna kidonda, shuku kuteguka au kano iliyoumia. Mpumzishe bandani, mwite daktari wa mifugo, na hapa sasa lete mpira wa maji: dakika kumi na tano hadi ishirini, mara tatu kwa siku, siku mbili za kwanza. Barafu uizungushie kitambaa, isiguse ngozi. Ukifunga bandeji, tanguliza pamba nene iliyolala bila makunyanzi, zungusha kwa mkazo ule ule kutoka juu mpaka chini, na kidole kiweze kupenya pale juu. Funga na mguu wa pili, maana ndio uliobeba mzigo. Fungua asubuhi na jioni uangalie. Kano iliyochanika huchukua miezi mingi kupona, hata kama uvimbe umeisha ndani ya wiki. Mwenye farasi akianza kuuliza habari za mbio za Jumapili ijayo pale Ngong, mwambie ukweli huo mapema.

Kinachoninyima usingizi ni kidonda kidogo karibu na kiungo. Huku kwetu Karen na Lang'ata, Nairobi, mvua ikinyesha, udongo mweusi hugandamana miguuni mpaka magotini, na chini ya tope hilo mwiba wa mgunga unaweza kuingia hadi ndani ya kiungo bila damu ya kuonekana. Kuna farasi jike mmoja mwekundu niliyemtunza ambaye jioni alikuwa mzima, asubuhi hataki kukanyaga. Nilipoosha tope na kutenganisha manyoya nikakuta kitundu cha mwiba tu, na manyoya ya chini yake yameshikamana. Nilivaa glavu, nikachukua kile kimiminika kati ya vidole viwili: kilikuwa cha manjano, kinavutika kama ute wa yai. Huo ni ute wa kiungo, na ukiuona nje ujue kiungo kimefunguka. Daktari alikuja asubuhi ile ile, akavuta ute kwa sindano mbali na kidonda, ukatoka umechafuka. Walimlaza kwa dawa ya usingizi wakakisafisha kiungo kwa lita nyingi za maji ya chumvi yaliyo safi kitabibu. Alirudi kazini. Angengoja siku mbili tatu, vijidudu vingekula gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kiungoni, na hakuna dawa ya kuirudisha.

Kwa hiyo kidonda cha aina hiyo usikipake chochote, usikichokoe, wala usikingoje. Funika kwa kitambaa safi, piga simu. Mtoto wa farasi aliyevimba kiungo ni vivyo hivyo, hata kama huoni kidonda: mara nyingi vijidudu vimeingia kupitia kitovu. Usiambiwe kwamba amekanyagwa na mama yake ukatulia.

Pima joto la mwili kila mara. Farasi mkubwa aliye mzima huwa kati ya nyuzi joto 37.5 na 38.5 za Selsiasi. Likizidi hapo na miguu imevimba, angalia fizi: zikiwa zimepauka au za manjano, fikiria homa ya kupe. Mguu mmoja wa nyuma ukivimba ghafla mpaka juu, pamoja na homa, nao ni wa daktari siku hiyo hiyo.

Vidonge vya maumivu vya binadamu usimpe. Vinaweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo, na pia vinaficha kuchechemea ambako daktari anakuja kukuona. Kuchoma kiungo kwa chuma cha moto, kama wanavyofanyiwa punda wengi wa mikokoteni, kunaongeza jeraha juu ya jeraha.

Ukimpigia daktari, mwambie: mguu gani, kiungo gani, umeanza lini, kuna joto au hakuna, anakanyaga au hakanyagi, kidonda kiko wapi, joto la mwili ni ngapi, na kama amechanjwa pepopunda. Akiwa njiani, mwache farasi asimame kwenye matandiko makavu, ndoo ya maji na nyasi kavu karibu, nafaka hapana.