Melini, subiri usiku wa kamba koche

Kama umelipia safari ya wiki moja kwenye meli kubwa ya kitalii, tuseme kutoka Miami kwenda visiwa vya Karibi, usimalize hamu ya vyakula vya baharini siku ya kwanza kwenye bufee. Pale utakuta kamba wadogo waliochemshwa na kupozwa, salmoni, ngisi wa kukaanga, pengine na kome. Ni vizuri, ila vingi vimepakiwa bandarini vikiwa vimegandishwa. Meli hizi hazivui njiani, kwa hiyo usitafute ladha ya changu aliyetoka majini alfajiri.

Wa kusubiriwa ni kamba koche. Meli nyingi humpika usiku mmoja tu, ule wa kuvaa rasmi, tena kwenye ukumbi mkuu wa chakula. Siku ile ile ya kupanda, muulize mhudumu wa meza yako ni usiku upi. Utaletewa mkia uliopasuliwa mgongoni, nyama imeinuliwa juu ya gamba, na siagi ya moto kando. Ukamulie ndimu kabla haujapoa. Mtamu kweli kweli! Sahani ya pili meli nyingine hutoa bure, nyingine hutoza, basi uliza kabla ya kuagiza. Migahawa maalumu yenye chaza kwa kawaida hulipiwa mbali.

Mwenye mzio, tafadhali sana: toa taarifa unapokata tiketi, na umkumbushe mhudumu kila mlo. Kwenye bufee koleo moja hupita sahani nyingi.